Dume Aliyechelewa Kuota Pembe

Wanangu mnaoanza kazi ya kutunza wanyama, nianze na jambo ambalo mimi nililiona kwa macho kabla ya kuelezwa na mtu: mnyama hajui ana umri gani. Sisi ndio tunaohesabu miezi. Yeye anachojua ni kama ameshiba au hakushiba, na mwili wake unaamua mambo yake kwa kufuata hilo.

Jina langu ni Anastazia, ingawa kazini waliniita Mama Bahati, na hata leo ukifika kwetu Rusimbi, mjini Kigoma, ukamuulizia Anastazia watakutazama tu. Nimestaafu. Miaka yangu yote ya kazi niliimalizia mahali pamoja, kwenye uzio wa wanyamapori ulioko nje kidogo ya mji, kwenye mteremko unaotazama ziwa. Mwenye eneo alikuwa mfanyabiashara wa Ujiji, Mzee Rajabu, mtu mwenye sauti kubwa na moyo laini. Alipata kibali cha kufuga wanyamapori, akachagua pongo. Kama humjui pongo, ni yule mnyama wa vichakani wa jamii ya swala, mwekundu mwenye madoa meupe, ambaye huingia shambani kwako alfajiri akala majani ya maharage, nawe ukabaki na nyayo zake tu. Jike hana pembe. Dume ndiye mwenye pembe, na akikomaa rangi yake nyekundu huzidi kuwa nyeusi mwaka hadi mwaka, shingo ikanenepa.

Niliingia pale kukata majani. Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Gwasa, Muha wa milima ya Buhigwe, mkubwa wa watunzaji. Alikuwa mfupi hasa. Akisimama nyuma ya pipa la maji ilibidi umwite ndipo ujue yuko wapi. Asubuhi nilimkuta ameshafika, ananijibu "Mwakeye", salamu ya asubuhi ya Kiha, kabla sijamaliza shikamoo yangu, na maneno yanaishia hapo mpaka jua lipande. Hakupenda kueleza. Alinishika mkono siku moja akauweka juu ya mgongo wa jike mmoja mpole, akaupitisha taratibu toka begani hadi kiunoni, kisha akanipeleka kwa mwingine tukafanya vilevile. Wa kwanza mifupa ya mgongo niliihisi kama visu vya mbao. Wa pili nilihisi kama ngumi iliyokunjwa chini ya blanketi. Kwa macho, wote wawili walikuwa sawasawa.

"Jicho linaona manyoya," akasema. "Mkono unaona mfupa."

Hilo ndilo somo langu la kwanza, na sijalikuta limepitwa na mizani wala simu zenu. Mizani ni nzuri, itumieni. Lakini mizani huletwa siku yake, na mkono unao kila siku.

Sasa niwaambie habari ya madume mawili.

Dume letu la kwanza, lile la kufungulia uzio, lilikufa kwa kuumwa na nyoka. Lilituachia majike na mtoto mmoja dume, aliyezaliwa mle mle ndani na kunyonya mpaka alipoachishwa na mama yake mwenyewe. Masika hayohayo ofisa wa wanyamapori akatuletea mwingine. Watu wa upande wa Mwandiga walimkuta kwenye shamba lililochomwa moto, mama yake hayupo, wakamchukua nyumbani na kumlea kwa uji wa muhogo. Walifanya kwa nia njema. Uji ule ulimzuia kufa, basi. Alikuja kwetu tumbo mbele, miguu kama vijiti vya kuokea mishikaki, manyoya yamesimama kama ya paka aliyenyeshewa.

Kwetu Kigoma mapacha hatuwatafutii majina: wa kwanza ni Bukuru, wa pili ni Butoyi. Hawa hawakuwa mapacha, ila walikuwa wa umri mmoja kwa kadiri ya meno yao, tukawaita hivyo. Aliyenyonya akawa Bukuru. Mla uji akawa Butoyi.

Bukuru alikua mbele ya macho yetu. Vinundu viwili vilimtokea kichwani, ukipapasa unavihisi vigumu chini ya ngozi, na muda si mrefu ncha za pembe zikachomoza. Shingo ikajaa. Akaanza kunusa mkojo wa majike na kukunja mdomo wa juu, jambo ambalo wageni huliona kama anacheka. Anapima tu kama jike yuko tayari. Butoyi wakati huohuo alikuwa bado mwekundu kama ndama, kichwa laini, na chini ya tumbo korodani zake ndogo ungedhani ni za mtoto wa wiki chache. Mgeni mmoja aliniuliza yule jike mdogo anaitwaje.

Kosa la kwanza lilikuwa la mpangilio, na lilionwa na Dokta Neema. Huyu alikuwa daktari wa mifugo, kijana kutoka Kilimanjaro, aliyepangiwa kazi kwetu akaja na makoti mawili ya baridi ambayo hakuyavaa hata mara moja. Alikuwa na adabu na alijua kazi yake. Alikaa siku nzima juu ya jiwe akitazama tu wanavyokula. Jioni akatuambia kwamba Butoyi hali. Sisi tulikuwa tukiweka chakula cha kutosha wote, na asubuhi kimeisha, tukajua wamegawana. Kumbe Bukuru alikuwa anasimama kwenye hori, anakula majani laini yote na ncha zote tamu, na mwenzake akisogea anamwonyesha pembe. Butoyi alibakiwa na vijiti. Kwa hiyo nanyi msijiulize tu mmeweka nini. Kaeni mtazame nani amekila.

Tukawatenganisha. Dokta akachukua kinyesi cha Butoyi akakipima, akakuta minyoo, akampa dawa. Tukamsubiri aote pembe. Hakuota.

Kwa upande wa pili, Mzee Rajabu alikuwa amempenda Bukuru kupita kiasi. Kila Ijumaa baada ya sala alikuja na kanzu yake nyeupe, mfuko mkononi, ndani yake ndizi mbivu na pumba za mahindi. Bukuru alimjua kwa mlio wa gari. Dokta Neema alimweleza kwa upole kwamba tumbo la pongo limeumbiwa majani, kwamba ndani yake kuna wadudu wadogo wanaomeng'enya majani, nao hawapendi kubadilishiwa chakula ghafla. Mzee Rajabu alimsikiliza, akamshukuru, na Ijumaa iliyofuata akaja na mfuko mkubwa zaidi. Alitaka Bukuru aanze kupanda majike mapema. Aliamini kwamba kama chakula kidogo kinachelewesha, basi chakula kingi sana kitawahisha sana.

Siku moja sote tulikuwa mazikoni Buzebazeba. Mzee Rajabu alifika, hakutukuta, akafungua mwenyewe, akamimina gunia zima la mahindi yaliyoparazwa horini. Aliona amemkirimu.

Tulimkuta Bukuru amelala ubavu, tumbo limejaa gesi, anasaga meno, kinyesi ni maji yenye harufu ya togwa lililopitiliza. Dokta alihangaika naye mpaka akasimama. Lakini uchachu wa yale mahindi ulikuwa umeshashuka kwenye kwato. Miguu ikawa ya moto, akawa anatembea kama anayekanyaga mkaa, na dume asiyeweza kuegemea miguu ya nyuma hawezi kupanda jike hata awe na pembe za dhahabu. Baadaye akaacha kula. Asubuhi moja tulimkuta amekufa karibu na uzio, pale gari la Mzee Rajabu lilipozoea kusimama.

Mzee Rajabu alikuja. Alikaa chini na kanzu yake kwenye vumbi, akamfumba macho mnyama yule kama tunavyowafumba watu wetu, akaondoka. Ijumaa kadhaa hatukumwona.

Aliporudi alituita sisi watatu: Mzee Gwasa, Dokta Neema na mimi. Sauti yake kubwa ilikuwa imepungua. Alisema amechoka. Uzio bila uzazi ni gereza tu, na dume tulilobaki nalo si dume. Ataomba kibali Butoyi achinjwe, nyama iende kwenye harusi ya binti yake, majike warudishwe serikalini, na mteremko ule apande michikichi kama wenzake wenye akili. Sisi angetutafutia kazi nyingine, hilo aliahidi.

Nilijua hasemi kwa hasira. Alikuwa anataka mahali pale pasimkumbushe tena. Mtu wa namna hiyo ni mgumu kumbadilisha kuliko mwenye hasira.

Dokta Neema alijaribu. Alimweleza kwamba mwili wa mnyama mchanga una utaratibu wake wa matumizi. Kwanza ni kuishi, pili ni kukua, na uzazi ni wa mwisho. Ubongo hungoja habari kutoka mwilini kwamba nyama na mafuta vimefika kiasi, ndipo unapotoa amri korodani ziamke, pembe zisukumwe, shingo ijae. Akiwa na njaa, amri haitoki. Akasema ubongo ni kama mama mwenye nyumba. Haiti wageni wakati ghala ni tupu. Akasema pia, kwa ukweli, kwamba hawezi kuahidi. Njaa ya utotoni ikiwa ndefu mno, wengine hawainuki.

Mzee Rajabu akatikisa kichwa. Alisema ameelewa, lakini maneno ya daktari yana "huenda" nyingi.

Hapo ndipo Mzee Gwasa, ambaye hakuwa mtu wa kueleza, akavua kofia.

"Mzee Rajabu, unanionaje mimi?" akauliza.

"Nakuonaje vipi?"

"Kimo."

Mzee Rajabu akasita. Huwezi kumwambia mtu mzima mfupi kwamba ni mfupi, hasa akikuuliza. Akasema Mungu humpa kila mtu kadiri yake.

"Mungu alinipa zaidi ya hiki," Mzee Gwasa akasema. "Njaa ndiyo iliyokata."

Akasimulia, na mimi niliyefanya naye kazi miaka yote ile nilikuwa nasikia kwa mara ya kwanza. Alifiwa na mama akiwa mdogo, mvua zikakosa, wakala muhogo mtupu muda mrefu. Wenzake wa rika wakaota ndevu, sauti zikakatika, wakaanza kuoa. Yeye bado anaimba na watoto wadogo kanisani sauti ya juu. Walimcheka. Baba yake alimpeleka kwa waganga akidhani amefungwa. Mwishowe shangazi yake, aliyeolewa Ujiji, akaja kumchukua. Shangazi hakutafuta mganga. Alimpa mawese kwenye maharage, alimpa mgebuka, samaki mbichi kutoka ziwani, alimpa ndizi, na alimkataza kuinuka kwenye mkeka kabla hajamaliza sahani.

"Nilianza kuchelewa kuliko wote," akasema, "lakini nilianza. Sauti ilinikatika katikati ya wimbo wa Pasaka, kanisa zima likageuka. Watoto wangu unawajua, Mzee Rajabu. Wawili umewaozesha wewe mwenyewe ulipotoa gari lako. Sasa niambie kama mimi si dume."

Nilidhani Mzee Rajabu atacheka, maana yalikuwa maneno ya kuchekesha. Hakucheka. Akasema tumpe yule mnyama muda mpaka masika yajayo yaishe. Baada ya hapo yeye tusimsumbue tena kwa maombi.

Basi nisikilizeni tulivyofanya, maana hapa ndipo penye kazi.

Hatukumjaza. Aliyelala njaa muda mrefu ukimjaza ghafla unamuua, na tulikuwa tumetoka kuona. Tuliongeza kidogo kidogo, na kila kipya kilianza kwa konzi moja. Asubuhi majani ya mforosadi, ambayo nilipanda mwenyewe kando ya bomba la maji. Mchana majani ya kunde na ya viazi vitamu. Lusina, majani ya ule mti wa malisho, tulimpa kwa sababu inajenga nyama, lakini haikuzidi sehemu moja ya tatu ya chakula chake. Lusina ikizidi manyoya hunyonyoka, na mnyama akawa kama kuku wa sikukuu. Kisamvu hatukumpa kibichi kabisa. Tulikianika juani mpaka kikauke, sumu yake ipungue. Tulimtundikia bonge la chumvi ya Uvinza kwenye mti, akalilamba mpaka likawa na shimo la ulimi. Mzee Gwasa, kwa kumbukumbu za shangazi yake, alimletea pia mgebuka. Butoyi alinusa, akapiga chafya, akaenda kusimama mbali. Mzee akasema basi huyu si wa Ujiji, akala mwenyewe.

Na kingine ambacho hamtakikuta kwenye mfuko wa chakula: tulimpa utulivu. Tulimzungushia vichaka upande wa barabara asione mbwa wala wageni. Mnyama anayeshtuka mchana kutwa anachoma kile alichokula.

Kila asubuhi niliweka mkono mgongoni. Kwanza visu vya mbao vikawa butu. Baadaye nikawa natafuta mfupa kwa vidole. Manyoya yalilala, yakaanza kung'aa. Lakini kichwa kilibaki laini, na mvua za masika zilikuwa zimeshaanza. Nilikuwa nikipapasa hapo juu ya macho kila siku mpaka Mzee Gwasa akaniambia nitamtoboa mtoto wa watu. Dokta alitutuliza. Alisema mwili unalipa madeni yake kwanza. Unajenga mifupa na nyama, ndipo unageukia mapambo.

Katika siku hizo Mzee Rajabu alianza kuja tena. Hakuwa na mfuko. Alisimama nje ya uzio, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja kwa watu asioelewana nao. Mara ya pili au ya tatu aliniuliza, kwa sauti ambayo sikuijua kwake:

"Mama Bahati, ningeruhusiwa kuleta chochote?"

Nikamwambia alete majani ya viazi, ya jana, yaliyosinyaa kidogo. Ijumaa ile alishuka kwenye gari amebeba mzigo wa majani begani, kanzu yote ina utomvu. Akanipa mimi, hakumpa mnyama.

Kisha asubuhi moja, ukungu bado uko ziwani, nilisikia mbwa anabweka ndani ya uzio. Nikakimbia na fimbo. Hakukuwa na mbwa. Pongo dume hubweka, wanangu, kwa sauti kavu kama ya mbwa, akitangaza kwamba mahali hapa pana mwenyewe. Butoyi alikuwa amesimama kwenye kichuguu, shingo imenyooka, anabweka kulielekea ziwa, na sauti yenyewe ilikuwa inapasuka katikati. Nilimpapasa alipokuja kula. Vinundu viwili, vigumu, moto moto chini ya ngozi. Nilikwenda kumtafuta Mzee Gwasa. Alinitazama usoni, akaenda kupapasa mwenyewe, akarudi amevaa kofia yake upande.

Masika yaliisha na hakuna aliyetaja harusi wala kibali. Sitawadanganya kwamba mambo yote yalinyooka. Nusu ya mteremko Mzee Rajabu aliipanda michikichi, na ndivyo ilivyo mpaka leo. Butoyi hakumfikia Bukuru kwa mwili. Pembe zake zilibaki fupi, moja imepinda kidogo, na mgongo wake haukupata upana wa dume aliyenyonya. Aliyekosa maziwa utotoni hulipwa baadaye, lakini halipwi yote. Rangi ndiyo iliyomtendea haki. Alikuwa mweusi kama kahawa iliyokaangwa, ukimwona kwenye kivuli huamini kuwa ndiye yule aliyeulizwa kama jike.

Jike wa kwanza kumzalia Butoyi alizaa wakati Mzee Gwasa ameshaacha kazi. Miguu ilikuwa imemvimba, akawa anakaa kwa binti yake Buzebazeba, kitandani karibu na dirisha. Dokta Neema naye alikuwa amehamishwa. Habari ile nilikuwa nayo peke yangu, na nilitaka kuipeleka kwa mdomo wangu. Nilitoka kazini nikiwa na gauni lilelile lenye majani. Njiani nilipanga maneno: kwamba mtoto ni dume, kwamba amesimama mapema, kwamba Mzee Rajabu amelia hadharani na hakuona haya.

Nilimkuta ameamka, amekonda kuliko nilivyozoea. Nilipomsalimu, bila kufikiria, nilimshika mgongoni ili akae vizuri, na mkono wangu ukaona mifupa. Naye akajua nimeiona.

Nikamwambia habari. Nikamaliza yote niliyopanga. Alifumba macho nikadhani amelala, au anamshukuru Mungu.

"Mama yake," akauliza, "anakula nini?"

Nikasema anakula kama wenzake.

"Akila kama wenzake hatakuwa na maziwa," akasema. "Rudi kabla jua halijazama."

Binti yake alikuwa ameshaweka chai. Niliiacha ikitoa moshi, nikashuka kwenda kukata mforosadi.